Hamira, bakteria rafiki au monensini: kipi kinafaa kwenye chakula cha ng'ombe?

Mfugaji wa Usagara:
Ndugu zangu, ninanenepesha ng'ombe kumi na wanne kwa mashudu ya pamba na pumba za mpunga, na pembeni nina wawili wa maziwa. Duka la pembejeo limenipa chaguo la hamira hai, unga wa bakteria rafiki na monensini, na muuzaji anadai kwamba vyote vinaua bakteria wabaya tumboni. Mwezi huu ndama wangu wawili walihara maji ya manjano wakiwa na siku tatu tu, na mmoja akafa. Ninunue kipi?

Daktari wa Mifugo, Magu:
Pole kwa ndama, ndugu yangu. Monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula, huwaandama zaidi bakteria wa gramu chanya, yaani wasio na utando wa nje, ilhali E. koli, bakteria ambaye mara nyingi ndiye huwaharisha ndama wachanga kama wako, ni gramu hasi na ana utando wa nje unaomkinga. Faida yake ni kumfanya ng'ombe anufaike zaidi na chakula na kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo. Hamira nayo haiui kitu: hutumia oksijeni inayoingia tumboni pamoja na chakula na kuwasaidia bakteria wanaokula asidi ya laktiki, hivyo kwa ng'ombe wanaolishwa pumba nyingi ndiyo ningeanza nayo. Bakteria rafiki wa jamii ya Lactobacillus acidophilus walijaribiwa sana Marekani dhidi ya aina nyingine ya E. koli, O157, lakini huyo kwa kawaida hamfanyi ng'ombe augue, anamdhuru mla nyama isiyoiva. Kwa hiyo hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojibu kifo cha ndama wako. Je, walinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yanayompa ndama kinga, saa ngapi?

Mama wa Kisesa:
Kabla hujajibu, baba, una punda? Monensini ni sumu kwa punda na farasi hata kwa kiasi kidogo, kwa kuwa huharibu misuli ya moyo. Punda wetu wa kubebea maji alilamba hori la ng'ombe usiku, na alfajiri tulimkuta amelowa jasho, miguu ya nyuma haimbebi, hakufika jioni. Mfuko ulikuwa na onyo, lakini kwa maandishi ambayo mchungaji wetu asingeweza kuyasoma.

Mfugaji wa Usagara:
Punda ninao wawili, na wanalala banda moja na ng'ombe. Ndama walizaliwa alfajiri nami nikiwa mnadani, kwa hiyo dang'a walipewa jioni. Je, hamira ya mandazi itafaa?

Daktari wa Mifugo, Magu:
Ni ya jamii ileile, Saccharomyces cerevisiae, ila ya mifugo ni aina iliyochaguliwa kwa kazi hiyo, nayo huwekwa kivulini, si chini ya bati, kwa sababu joto huiua. Dang'a ndama apewe ndani ya saa sita za kwanza, kiasi kisichopungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake ndani ya siku hiyo.

Mfugaji wa Usagara:
Basi nitachukua hamira kwa wale wa kunenepesha, na monensini ibaki dukani. Mtamba mwingine anazaa wiki ijayo, nami siendi mnadani.