Ushauri: Pesa za mbao za kijiji tumalizie zahanati, tufufue kisima, au tuiachie serikali kazi yake?

Mkulima wa Ufuta
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mjumbe wa serikali ya kijiji huku mkoa wa Lindi, niko kamati ya huduma za jamii. Tumevuna mbao kwenye msitu wa kijiji, na tukitoa gharama zote tunabaki na kama milioni 32. Mkutano mkuu ni mwezi ujao na watu wameshagawanyika.

Kuna wanaotaka tumalizie boma la zahanati, limekwama kwenye lenta hadi miti imeota ndani. Wengine wanataka kisima kirefu kifufuliwe, jenereta imekufa na kina mama wanachota kwenye lambo pamoja na ng'ombe. Vijana wanataka taa za sola senta. Halafu wapo wazee wenye hoja inayoninyima usingizi: hizi zote ni kazi za serikali, ushuru wa ufuta tunakatwa kila msimu, kwa nini tutoe tena na za mbao? Wao wanataka tugawane kaya kwa kaya.

Kipi tubebe wenyewe, kipi tuidai serikali?

Kisiki cha Mpingo
Kugawana hapana mkuu. Kila kaya itapata hela ya mboga ya wiki mbili, msitu ndio umeshakatwa.

Mstaafu wa Halmashauri
Kijana, tenganisha jengo na uendeshaji. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza 2007 ulitaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi wakainua maboma kwa nguvu zao, mengi yakasimama hapo hapo. Miaka ya karibuni serikali imekuwa ikitoa milioni 50 kumalizia boma moja. Mkimaliza kwa pesa zenu, mmeipunguzia halmashauri mzigo tu. Na bado mganga na muuguzi hamuwezi kuajiri, mshahara ni wa serikali, dawa zinatoka MSD, bohari ya dawa ya serikali. Zahanati isiyo na mtumishi ni godauni la popo.

Andikeni muhtasari, diwani aupeleke, muombe boma liingie kwenye bajeti. Watumishi waombeeni mapema, msisubiri rangi ikauke.

Mama Pacha
Shikamoo mzee. Hayo ya bajeti nimeyaelewa, ila uchungu hausubiri mwaka wa fedha. Mdogo wangu alijifungulia njiani, bodaboda imezima, mvua inanyesha. Mleta mada, ezekeni hata hilo paa. Boma lenye bati afisa akipita analiona, la lenta anadhani ni gofu.

Fundi Pampu
Naongea la maji, ndiyo kazi yangu. Tangu Sheria ya maji Na. 5 ya 2019, maji vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na chombo cha watumia maji ndicho kinachokusanya hela za ndoo. Kwa hiyo msikimbilie dukani kununua pampu. Muoneni meneja wa wilaya kwanza.

Kisima kilikufa kwa sababu ya dizeli, si kwa sababu ya jenereta. Chombo kikikosa hela ya mafuta mwezi mmoja, mashine inalala, inaharibika. Wekeni sola. Kabla ya hapo pimeni wingi wa maji na chumvi, maana ukanda huo visima vingine vina chumvi hata chai haiivi vizuri. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka mtu asitembee zaidi ya mita 400 kufuata maji, apate lita 25 kwa siku. Muulizeni meneja namba hizo ziko vipi sasa, na nyie mtazifikia lini.

Tena hata zahanati ikifunguliwa, bila maji wauguzi watazalisha vipi?

Jicho la Kodi
Wazee wasipuuzwe. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 na unaingia halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inakopeshwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, kwa hiyo vijana wa taa wana mlango wao wa kubisha. Inayobaki, muulizeni diwani mbele ya mkutano imejenga nini.

Kwangu mimi kodi ibebe kile ambacho mtu hawezi kwenda kununua mwenyewe siku kimemkuta: kujifungua, mwalimu darasani, maji yasiyoua mtoto. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa Januari 2016, lakini mzigo mkubwa wa elimu ni mishahara ya walimu. Hakuna kijiji kinaweza hiyo, hata kikiuza msitu wote. Vitu vya mara moja, kama sola ya kisima, kijiji kinaweza.

Mkulima wa Ufuta
Nimewaelewa. Fundi, tukiweka pesa zetu kwenye kisima, RUWASA hawatasema mradi ni wao?

Fundi Pampu
Usimamizi ni wao. Andikeni makubaliano: mmechangia kiasi gani, wao wanaleta nini, bei ya ndoo nani anapanga. Na zahanati iunganishwe bomba tangu mwanzo, hata kama bado ni boma. Nakala ikae kwa mtendaji na nyingine kwako.

Mama Pacha
Na chenji ikibaki, bati.

Kisiki cha Mpingo
Wazee wa kugawana umewapangia nini?

Mkulima wa Ufuta
Hao namuachia mwenyekiti, mmoja ni mkwe wake.