Mume wangu anakwenda Mbeya na kurudi kwa pikipiki ndani ya saa 24, naombeni ushauri

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Mume wangu anajiandaa na safari ya kilomita 1,610 ndani ya saa 24, kile kipimo cha maili 1,000 cha Iron Butt, chama cha waendesha pikipiki wa masafa marefu. Amepanga kutoka hapa Kimara, Dar es Salaam, hadi Mbeya na kurudi. Ni ndoto yake ya miaka, sitaki kumzuia.

Kinachoninyima usingizi ni Mikumi. Barabara inakatiza hifadhini karibu kilomita 50, na akiondoka alfajiri, wakati wa kurudi atapita hapo gizani, tena akiwa amechoka. Tembo haoni taa akakupisha.

Tulijaribu safari ya Iringa. Nilimpigia kila saa, kila simu ikamsimamisha, akafika hoi. Safari ya pili tukatumia kushirikishana mahali kwa WhatsApp: ile inakatika baada ya muda wa saa 8, na mtandao ukipotea njiani alama inaganda. Nililia peke yangu jikoni, kumbe anakunywa chai Ruaha Mbuyuni.

Nauliza mawili. Tukikubaliana atume ujumbe kila anapojaza mafuta, nisubiri kimya cha muda gani kabla ya kuanza kutafuta msaada? Na waliozoea njia zote mbili, je, nimshawishi aende Segera, Arusha hadi Babati badala ya Mbeya, au nako usiku kuna hatari zake?