Nimerudi kutoka likizo ya uzazi nikaandikishwa kama mgeni getini. Hii "subiri nyumbani tutakupigia" ndiyo inayotumaliza

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jina la kiwanda sitalitaja kwa sababu shauri bado linaendelea, ila wanaofanya kazi viwandani Dar watajua ninachokiongelea, maana mchezo huu siyo wa kiwanda kimoja.

Jumatatu tarehe 26 Mei, saa moja kasorobo asubuhi, nilifika getini kwenye kiwanda nilichokitumikia miaka 6. Siku 84 za likizo yangu ya uzazi zilikuwa zimeisha jana yake. Nimevaa sare, kitambulisho kiko shingoni, mtoto wa wiki kumi nimemwacha kwa mama. Mlinzi, mzee wa watu ambaye kila asubuhi alikuwa ananiita "mkaguzi" kwa kazi yangu ya kukagua mzigo, akanizuia kwa mkono. Akatoa karatasi ya majina ya shifti, akaipitishia kidole mara mbili. Simo. Akaingia kibandani, akatoka na daftari kubwa lenye jalada jekundu. Daftari la wageni.

"Samahani binti yangu, nimeambiwa uandike hapa."

Nikaandika. Jina. Unatoka wapi: nyumbani. Unamwona nani: HR. Sababu: nimerudi kazini. Saa ya kuingia: 12:47. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja anayeuza chapati pale getini, ameshika ndoo yake, akaniuliza kwa nguvu, "Mkaguzi, leo umekuwa mgeni wa nani?" Nilicheka kwa aibu. Sikujua kwamba mstari ule kwenye daftari ndio ungekuja kuwa kesi yangu nzima.

HR, yaani afisa utumishi, alinipokea vizuri mno. Hongera mama, mtoto hajambo, umependeza. Kisha: "Nafasi yako kwa sasa kuna mtu tumemshikiza. Usijali, nenda nyumbani ukae na mtoto, Ijumaa nakupigia." Nilipita stoo kuchukua gambuti zangu, nikamkuta binti mgeni amezivaa. Hata yeye aliona haya.

Ijumaa tarehe 30 hakupiga. Nikapiga mimi. "Menejimenti wanakaa wiki mbili hizi, vuta subira dada." Tarehe 13 Juni: "Bosi kasafiri, tungoje mwisho wa mwezi, jambo lako nalifuatilia mwenyewe." Jumbe zote hizo ninazo kwenye WhatsApp, na kila moja imejaa viemoji vya moyo na mikono ya dua. Tarehe 30 Juni nikaenda mwenyewe, tena nikaandikishwa mgeni, na safari hii sikukaribishwa kiti. Nikaambiwa kumbukumbu zao zinaonyesha sikuripoti kazini baada ya likizo, kwa hiyo kwa upande wao nimejiondoa mwenyewe. Utoro. Mtu aliyeniambia nisubiri ndiye huyohuyo aliyeniambia nimetoroka, kwenye meza ileile.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hasa nyie dada zangu mnaofanya kazi kwenye kampuni binafsi.

Ukiachishwa kazi Tanzania Bara, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku thelathini. Ipo kwenye kanuni za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 64, kanuni ya 10. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Yaani aliyebaguliwa lakini bado yuko kazini anakula mshahara ana siku 60, na aliyebaguliwa mpaka akatolewa getini na mtoto mgongoni ana 30. Aliyeumizwa zaidi ndiye aliyepewa muda mfupi. Nimejaribu kutafuta hekima ya jambo hili na sijaiona.

Hesabu nami. Kutoka 26 Mei, siku 30 ziliisha tarehe 25 Juni. HR ameniambia "umejiondoa" tarehe 30 Juni. Siku tano tu baada ya mlango kufungwa. Mnaniambia hiyo ni bahati mbaya? Nawajua wanawake watatu waliopita kiwanda kilekile kabla yangu, wote waliambiwa wakasubiri nyumbani, wote walisubiri, hakuna hata mmoja aliyefungua shauri. Tulikuwa tunasema "fulani hakurudi baada ya kujifungua, kaamua kulea." Hata mimi nilisema hivyo juu ya wenzangu. Naomba radhi kwao hapa hadharani.

Kabla sijaenda likizo, supavaiza alishaniambia mbele ya watu wa zamu, "Mimba ya pili hii, kiwanda siyo kliniki." Watu walicheka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, jinsia, ndoa au majukumu ya familia, pamoja na kabila, dini, ulemavu, umri, virusi vya UKIMWI na mengineyo. Kifungu cha 33 kinasema mama anarudi kazini kwa masharti yaleyale aliyoyaacha. Na kifungu cha 36, ambacho natamani kingebandikwa kila wodi ya wazazi, kinasema kumkatalia mama kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi ni kumwachisha kazi. Soma tena hapo. Hawahitaji kukuandikia barua. Ukizuiwa getini, tayari umeachishwa, na siku zako zimeanza kukimbia wakati wewe uko nyumbani unasubiri simu.

Mimi hilo sikulijua. Na kuna mahali nilipaswa kulijulia. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 16, inamlazimisha mwajiri kubandika haki za mfanyakazi mahali panapoonekana. Miaka 6 nimepita mbele ya ubao wa matangazo wa kiwanda kile. Nilichokisoma pale ni orodha ya faini: kuchelewa dakika kumi, kukosa kofia, kuongea na simu.

Baada ya tarehe 30 nikaanza safari ya ofisi za umma. Kuna ofisi moja, nayo siitaji, nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza tarehe 2 Julai. Nimekaa kwenye benchi tangu saa mbili, maziwa yamejaa mpaka blauzi imelowa mbele, nimejifunika mtandio huku joto linaniua. Saa sita na nusu naingia. Afisa hajainua macho.

"Barua ya kuachishwa kazi iko wapi?"

Nikasema sijapewa.

"Sasa tutajuaje kama umeachishwa? Nenda kaiombe kwa mwajiri, ulete."

Niende nikamwombe aliyenibagua aniandikie kwamba amenibagua! Nilirudi kiwandani, wakakataa, na hawakuwa na sababu ya kukubali. Kule ofisini walishaniambia nije baada ya Sabasaba. Nikaja tarehe 9, afisa yuko semina. Nikaja tarehe 14, nikaambiwa hapa siyo mahali pake, mambo ya kuachishwa kazi siyo yao kabisa. Siku kumi na mbili wameniweka, na tangu siku ya kwanza walijua siyo yao. Hakuna aliyeniuliza swali moja ambalo lingenisaidia: ulizuiwa tarehe ngapi?

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani yetu, mstaafu, alikuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi zamani hizo. Alimsikia mama akilalamika kibarazani jioni ya tarehe 16. Akaja na miwani yake, akaniuliza tarehe, akahesabu kwa vidole, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, umechelewa, lakini kuchelewa kuna fomu yake."

Ijumaa tarehe 18 Julai nikajaza fomu namba 1 ya CMA ya kupeleka mgogoro, na fomu namba 2 ya kuomba kupokelewa nje ya muda pamoja na kiapo. Sikulipia hata shilingi. Nakala unampelekea mwajiri na kurudisha ushahidi kwamba ameipokea, na hili msilipuuze. Siku 53 tangu geti, siku 23 nje ya muda. Kwenye kuomba muda wanaangalia umechelewa kiasi gani, kwa nini, kama madai yako yana mashiko, na upande wa pili utaumia vipi. Siku ya kusikilizwa maombi hayo, mwakilishi wa mwajiri akasimama akasema mlalamikaji alilalia haki yake siku 53. Alilalia! Mimi ambaye tangu Machi sijalala saa tatu mfululizo. Nikatoa simu, nikasoma jumbe za HR moja baada ya nyingine na tarehe zake. "Vuta subira dada." "Jambo lako nalifuatilia mwenyewe." Chumba kikawa kimya. Maombi yakakubaliwa.

Usuluhishi ukashindikana. Walitoa mshahara wa mwezi mmoja, "wa kumsaidia mama na mtoto". Nilikataa, na mume wangu aliniunga mkono ingawa kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa. Sasa tuko kwa mwamuzi.

NYONGEZA: Nimesoma mlioandika hapo chini, nijibu machache.

Mkuu uliyesema "mwajiri naye ana biashara, atamlipa mtu aliyekaa nyumbani miezi mitatu mpaka lini". Kwanza ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ni malipo ya kisheria, siyo hisani. Pili, mimi sikudai kukaa nyumbani. Nilikuja saa moja kasorobo. Aliyeniweka nyumbani ni yeye.

Dada uliyeuliza kama lazima uthibitishe kwamba wamekubagua kweli: sheria imetusaidia hapo. Ukishaweka msingi wa madai yako, ni mwajiri anayetakiwa kuonyesha kwamba ubaguzi haukuwepo. Na kwenye kuachisha kazi, yeye ndiye anayethibitisha kwamba sababu ilikuwa halali. Ndiyo maana wanajikita kwenye utoro. Wakisema "hatukumwachisha, hakuja", mzigo unarudi kwangu: nionyeshe kwamba nilikuja. Umeona walivyojipanga? Neno "subiri" linakula siku zako, na neno "mtoro" linakula ushahidi wako.

Anayeuliza afanye nini, yuko likizo na anarudi Septemba: ripoti siku yenyewe, usichelewe hata moja. Nenda na barua fupi ya kusema nimeripoti kazini leo, nakala mbili, waombe wagonge muhuri na kusaini nakala yako. Wakikataa kupokea, itume kwa barua pepe palepale getini, kabla hujapanda daladala. Wakikuambia subiri, omba waliandike hilo "subiri" kwenye ujumbe. Daftari lolote utakaloandikishwa, lipige picha. Na usihesabu kutoka siku watakayokupa barua. Hesabu kutoka siku ulipozuiwa mlangoni. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, chama kinaweza kukuwakilisha, usione aibu kuwasumbua, makato yako wanakula kila mwezi. Na usipoteze wiki kama mimi kwa ofisi isiyohusika, nenda moja kwa moja CMA ya mkoa au wilaya ambako mgogoro umetokea.

Aliyeniambia "jishushe tu, utafute kazi nyingine, kesi na matajiri haziishi": natafuta kazi, usijali. Lakini miaka 6 nimekagua mzigo pale na hakuna boksi langu lililorudishwa na mteja, na sitakubali rekodi yangu iandikwe mtoro.

Nililofungulia uzi huu hasa ni hili. Sikulipiga picha lile daftari jekundu. Nimeomba liletwe mbele ya mwamuzi, mwajiri anasema lilijaa likatupwa. Mlinzi amehamishiwa lindo jingine. Nilimpata kwa simu mara moja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Binti yangu, nina watoto wanasoma," akakata. Simlaumu, ingawa nimelia.

Amebaki yule mama wa chapati. Tangu Juni haonekani tena getini, walifukuza wauzaji wote. Ni mnene kidogo, mweupe, anapenda kufunga kilemba cha kijani, na ndoo yake ya chapati ilikuwa nyeupe yenye mfuniko wa bluu. Yeye aliniona naandika. Yeye aliniuliza mgeni wa nani. Kama kuna mtu anajua alikohamia, au anamwona anauza kwenye geti jingine pande hizo, mwambieni mkaguzi anamtafuta, nauli yake ya kwenda na kurudi nitalipa mimi. Kisha niandikieni inbox. Shauri linasikilizwa Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi.