Mnunuzi anataka mpango wa mazingira, fedha yote iko kwenye mbegu

Mhasibu_Kizota: Mbukwenyi wakuu. Natunza vitabu vya kiwanda cha kukamua alizeti hapa Kizota. Mnunuzi wetu mkubwa anataka mpango wa mazingira wa miaka mitatu: sola juu ya paa, tuache kuni kwenye boila, maji machafu yasafishwe. Bosi kasema "wewe andika, fedha itapatikana". Wapi? Mavuno yakianza kushuka kutoka Kongwa na Iramba kila shilingi inaingia ghalani, tena na mkopo wa msimu juu. Fundi kataja milioni 68 za sola, itajilipa kwa miaka kama mitano. Benki inataka hela yake ndani ya miezi 24, na hati ya kiwanja imeshashikwa na mkopo wa mbegu. Nasikia benki ya CRDB walitoa hatifungani ya kijani 2023, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira. Sisi wadogo inatufikia?

Fundi_Nkuhungu: Mkuu, kabla ya sola leta bili ya TANESCO. Kama mko T2, daraja la bei la watumiaji wakubwa, hamlipii yuniti peke yake, mnalipia na kilele cha kVA cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko wote mliouvuta kwa mpigo. Ekspela (mashine za kukamua) na pampu zote zikipiga kazi saa moja, mmekwisha. Zipangieni zamu, fungeni na kapasita, kifaa cha kupunguza hiyo kVA. Na hiyo miaka mitano, fundi kahesabu miezi ambayo mashine zimelala? Jua la Dodoma halina msimu, ninyi mnao.

Bibi_Hisa: Hatifungani ni ya wenye mapato ya kueleweka. Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, walitoa ya bilioni 53.12 mwaka 2024 kwa miradi ya maji, na nyuma yao kuna bili za mji mzima. Wewe utafikiwa kwa mkopo, kama benki inakopesha kutoka kwenye fedha ya hatifungani yake. Ukienda tawini bana kwanza muda wa marejesho, riba baadaye. Swali langu: huyo mnunuzi anayetaka miaka mitatu, mkataba wake na ninyi ni wa muda gani?

Mhasibu_Kizota: Dada umenigusa penyewe. Hakuna mkataba. Ni oda ya mwezi kwa mwezi, na hulipa baada ya siku 60.

Bibi_Hisa: Basi ninyi ndio mnaomkopesha! Alipe ndani ya siku 15, hapo mtaji wa kuanzia umepatikana.

Mfugaji_Veyula: Mie mnunuzi wa mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa. Nunueni mashine ya kukoboa, maganda yaende kwenye boila badala ya kuni. Mashudu yasiyo na maganda yana protini zaidi, kwa kuku wangu naongeza bei bila kubishana.

Mhasibu_Kizota: Asanteni. Nimeandika hivi: mwaka wa kwanza kapasita na mashine ya kukoboa, wa pili mabwawa ya maji machafu, sola wa tatu, "endapo kutakuwa na mkataba wa ununuzi". Bosi anataka maneno hayo ya mwisho yatoke, mteja asije akakasirika. Bado yapo, barua inaondoka Jumatatu.