KUH: Masta ya binti yetu Marekani, tuuze kiwanja?

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Binti wa dada yangu amemaliza SUA, Morogoro, shahada ya kwanza ya kilimo, GPA 4.1. Amepata chuo huku Marekani, masta ya kusoma darasani tu. Ufadhili hakuna, na I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, haitoki mpaka tuonyeshe fedha za mwaka mzima wa kwanza. Nyumbani wanataka kuuza kiwanja. Ndoto yake ni PhD. Nimshauri nini?
Columbus, Ohio

*

Kaka, nakuomba sana, kiwanja kisiuzwe.

Kwetu tumezoea ngazi: shahada ya kwanza, uzamili, ndipo uzamivu. Marekani idara nyingi humpokea mtu wa PhD akiwa na shahada ya kwanza tu. Na PhD ndiyo yenye pesa: ada inafutwa, analipwa posho, naye anafundisha wanafunzi wa chini au anafanya kazi ya utafiti kwa profesa. Masta ya darasani ndiyo watu hulipia mfukoni. Kwenye kilimo kuna nafuu nyingine, kwani hata masta ya utafiti mara nyingi hulipiwa na mradi wa profesa. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chuo, atafute profesa mwenye mradi na nafasi. Awaandikie kuanzia Agosti hadi Oktoba, mmoja mmoja, aya mbili tu, aonyeshe amesoma kazi zao. Maombi mengi hufungwa Desemba au mapema Januari.

GPA asiibadilishe mwenyewe. Kwetu A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3. Hapa A ni 4. Akijaza 4.1 kwenye fomu ya kipimo cha 4 itagoma, na akipunguza kwa kukisia, transkripti itamuumbua. Aandike 4.1 kati ya 5.0 na aambatishe maelezo ya madaraja. Hiyo 4.1 ni Upper Second nzuri, isiachwe isomwe vibaya.

Barua za walimu ndizo zilizoniangusha mimi mwaka wa kwanza. Mwalimu wangu aliandika mistari mitatu: namfahamu, ana nidhamu, namtakia heri. Huku wanataka kujua ulifanya nini hasa: jaribio gani, shamba gani, ulikwama wapi ukajinasuaje. Mwaka uliofuata nilimpelekea mwalimu karatasi moja yenye kazi zangu zote, akaandika kurasa mbili. Wala si kwamba hakunipenda mara ya kwanza, hakuna aliyemwambia kinachotakiwa. Na mwalimu hutumiwa kiungo kwa barua pepe, mara nyingi huangukia kwenye taka. Ampigie simu kwa heshima, amkumbushe.

Ada ya maombi aombe asamehewe kabla ya kulipa, vyuo vingi vina utaratibu huo. GRE, ule mtihani wa kujiunga na masomo ya juu, idara nyingi zimeiacha tangu 2020, aangalie moja moja.
Iowa

*

Dada, asante sana. Ila chuo kinataka jibu na amana wiki ijayo. Nilisikia mtu ana haki ya kusubiri hadi Aprili 15?
Columbus

*

Ile ni makubaliano ya vyuo vilivyotia saini, na inahusu ofa zenye ufadhili. Yake haimo. Aombe kuahirisha mwaka mmoja, wakikataa aiache.
Iowa

*

Naongeza kidogo kutoka Göttingen. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo hata kwa sisi, ingawa jimbo la Baden-Württemberg wanatoza euro 1,500 kwa muhula. Lakini ngazi huku ni ileile ya nyumbani: bila masta, PhD ni shida. Na bila ufadhili, kwa viza utatakiwa kuweka kama euro 12,000 za mwaka kwenye akaunti iliyofungwa, unatoa kidogo kila mwezi. Hiyo nayo ni kiwanja.

*

Nimeongea na dada jana usiku. Wameahirisha habari za kuuza, na binti ameanza orodha ya maprofesa wa udongo. Aliye na mtu idara hizo, Ohio au jirani, naomba aniandikie pembeni.
Columbus