Goti linauma, mtaalamu wa viungo anasema mgonjwa ni nyonga. Inawezekana?

Mama Neema:
Habari za humu wapendwa. Naombeni mnisome kwa utulivu, hili jambo limenichosha. Nina miaka 49, nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, na nyumbani ni Mabatini, kule juu ambako bodaboda inakuacha halafu unamalizia kwa kupanda mawe.

Goti la kulia linaniuma tangu mwaka jana. Linauma mbele, na maumivu yanapanda kwa ndani ya paja. Halijawahi kuvimba, na nikilibonyeza sisikii kitu. Kinachonitesa ni kupanda mlima jioni, kushuka kwenye daladala, na kuinuka nikishachuchumaa kuchambua dagaa. Kufunga kamba za kiatu cha kulia siwezi tena, na kucha za mguu huo ananikata binti yangu.

Eksirei ya goti nimepiga mara mbili, nikaambiwa goti ni zima kwa umri wangu. Nimechomwa sindano gotini. Nimemeza diklofenaki mpaka tumbo likawa linawaka usiku. Wiki iliyopita ndiyo nikaenda fiziotherapia. Yule kijana hata hakuhangaika na goti. Alinilaza chali, akaukunja mguu mpaka goti likatazama dari, kisha akausukuma unyayo kwenda nje. Nilipiga kelele. Maumivu yalianzia kinenani yakateremka mpaka gotini, yale yale ninayoyajua. Akasema, "Mama, goti lako halina kosa. Mgonjwa ni nyonga."

Kanipa mazoezi ya kulala ubavu na kuinua mguu, na ya kuinua kiuno. La goti hakuna hata moja, na nimeshalipia vipindi sita. Hela ya dagaa mnaijua inavyopatikana. Je, kweli nyonga inaweza kuuma gotini, au nimeliwa?

Mzee wa Igoma:
Pole sana dada yangu. Hilo ni goti limeishiwa ute. Mimi nilishauriwa kula bamia kila siku na kulikanda kwa maji ya moto, nikapata nafuu. Usipoteze hela.

Fizio Kanda ya Ziwa:
Shikamoo mama, shikamoo mzee. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kazi yangu ni hapa hapa Mwanza. Mzee, bamia ni mboga nzuri, ila ute wake unasagwa tumboni kama chakula kingine, hauendi kwenye kiungo.

Mama, hujaliwa. Mishipa mikubwa ya fahamu ya mbele na ya ndani ya paja inatoka kwenye pingili za kiuno, ya pili mpaka ya nne. Hiyo hiyo inatoa matawi kwenye nyonga na kwenye goti. Nyonga ikilalamika, ubongo unapokea taarifa kwa njia ambayo goti nalo linaitumia, na mara nyingi mtu anasikia maumivu gotini tu. Nimepokea wengi waliotibiwa goti miezi mingi bila mtu kuizungusha nyonga yao hata mara moja, na inaniuma kila nikimwona mwingine. Ulivyoeleza mwenyewe kuhusu kamba za viatu na kucha, hizo ni dalili za nyonga iliyokakamaa. Omba eksirei ya nyonga, usirudie ya goti.

Sasa mazoezi. Misuli ya pembeni ya tako ndiyo inayoshikilia kiuno kisiangukie upande mmoja kila unaposimama kwa mguu mmoja, na kupanda mawe ya Mabatini ni kusimama kwa mguu mmoja mara mia. Misuli ikilegea, nyonga inabeba peke yake. Ukilala ubavu wa kushoto, mguu wa kulia uinue ukiwa umeurudisha nyuma kidogo, vidole visitazame juu. Ukiupeleka mbele, kazi inafanywa na paja na zoezi limepotea. Hilo ndilo kosa ninalosahihisha kila siku. Hesabu mpaka tano, shusha taratibu, mara kumi. Zoezi la kuinua kiuno nalo fanya vivyo hivyo. Maumivu kidogo yanayoisha usiku ule ule yasikutishe. Yakiamka na wewe asubuhi yakiwa makali zaidi, punguza. Usitegemee mabadiliko kabla ya wiki sita.

Fimbo ishike mkono wa KUSHOTO. Watu wengi wanaishika upande unaouma, na hapo haiipumzishi nyonga. Dagaa chambulia mezani, acha kuchuchumaa. Na diklofenaki bila ushauri wa daktari acha, inachubua tumbo na kuumiza figo.

Ukiona homa, kupungua uzito, au maumivu yasiyotulia hata umelala, nenda hospitali kwanza, mazoezi baadaye. Huku kwetu selimundu, yaani sikoseli, ni nyingi pia, na inaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu. Mwenye selimundu anayeumwa goti au nyonga asianzie kwangu, aanzie kwa daktari.

Baba wa Sengerema:
Naomba niongeze la watoto. Mwanangu akiwa na miaka 12 alilalamika goti, tukadhani ni mpira. Alichechemea wiki saba, kituo cha kwanza wakampa dawa ya kupaka. Daktari wa tatu ndiye aliyemvua suruali akaona mguu umegeukia nje. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimeteleza nyongani. Alizuiwa kukanyaga siku ile ile, akafungwa skrubu. Mzazi, mtoto akichechemea na kusema goti, dai nyonga ipimwe. Mimi sikujua kudai.

Fizio Kanda ya Ziwa:
Asante sana baba. Hiyo ni dharura, haisubiri hata siku moja.

Mama Neema:
Nimerudi, ni wiki ya saba. Eksirei ya nyonga imeonyesha gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, imeanza kulika, bado si ya kupasuliwa. Niliumia kuona picha, lakini angalau sasa najua ninapambana na nini. Fundi amenichongea meza ya kuchambulia, wenzangu wawili pale Mwaloni nao wameagiza. Fimbo nilikuwa naishika kulia kweli! Nimehamisha.

Zamani nilipumzika mara nne kabla ya kufika mlangoni, sasa ni mara moja, pale kwenye jiwe kubwa. Usiku nalala. Jana nilikaa ukingoni mwa kitanda nikavaa kiatu cha kulia mwenyewe. Kamba bado anafunga Neema.

Mzee wangu wa Igoma, ukija Kirumba nitakupeleka kwa yule kijana, nauli juu yangu.