Mita za gesi kwenye ploti ya Kasarani: jikoni, chini ya ngazi, au barazani?

Landilodi_Kasarani
Wakuu, naomba msaada kabla fundi hajaanza kutoboa ukuta. Jengo lina nyumba 16, orofa nne, na kila orofa ina baraza iliyo wazi upande mmoja. Gesi itatoka kwenye mitungi sita ya kilo 50 nyuma ya jengo, kila mpangaji alipie anachochoma. Kampuni ya gesi inataka mita zote zipangwe chini ya ngazi, palipo na mita za stima, ili msomaji asipande juu. Fundi wangu anataka kila mita iingie kwenye kabati la sinki. Nimesikia Marekani ni kampuni inayoamua mita ikae wapi. Hapa nani ana neno la mwisho, na mahali pazuri ni wapi?

Koki_na_Nati
Kataa yote mawili. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu hivi, butani mara mbili. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji na kutuama pa chini, na ikifika asilimia 2 hivi kwenye hewa inashika moto. Chini ya ngazi ndipo itakapotuama, pembeni mwa swichi za stima, tena ngazi ndiyo njia ambayo wapangaji wa juu watakimbilia. Kabati la sinki nalo ni baya: kiungo kinavuja polepole, mlango umefungwa, gesi inateremka kwenye tundu la maji machafu, mpangaji amesafiri na koki iko ndani.

Weka barazani, kwenye ukuta wa jikoni wa kila nyumba. Nitapima kwa futi ili mita ya urefu isichanganywe na mita ya gesi. Kitako cha mita kiwe futi 4 hadi 5 kutoka sakafuni, isomeke bila kuinama na isigongwe na ndoo. Acha futi 3 hadi kwenye soketi, swichi, taa, dirisha au tundu la hewa. Isikae juu ya tundu la maji la baraza. Mpangilio ni huu: koki ya robo mzunguko, regyuleta (kifaa cha kushusha presha), mita, kisha bomba linaloingia ndani likipita kwenye ala ya bomba kubwa kidogo, lisizikwe moja kwa moja kwenye saruji.

Mita itundikwe kwenye bano lake, wima kwa timazi. Isining'inizwe kwenye bomba. Na fundi atumie spana mbili. Akikaza nati kwa spana moja, shingo ya mita inapinda, washa (pete ya kuziba kiungo) inakaa upande, na uvujaji unaonekana wiki kadhaa baadaye.

Kanuni_na_Vipimo
Kuhusu Marekani, kampuni haiachiwi ipendavyo. Kanuni ya shirikisho ya usalama wa mabomba, kifungu 192.353, inataka mita ikae panapofikika kwa urahisi, pamekingwa na kutu na magari. Ikiwa ndani ya jengo, pawe na mzunguko wa hewa na pasiwe chini ya futi 3 kutoka kwenye chanzo cha moto. Kifungu 192.355 kinataka tundu la kupumulia la regyuleta litokeze nje, mbali na milango na madirisha, lisiingiwe na mvua wala wadudu. Jimbo la Pennsylvania, kanuni 59.18 ilivyoandikwa, kwa kawaida ilitaka mita nje juu ya ardhi, na ilitoa nafasi ya kuziweka ndani kwa majengo ya kihistoria.

Ila usinakili kila kitu. Gesi ya mabomba ya kule ni methani, nyepesi kuliko hewa, hivyo tundu la hewa la juu linasaidia. Kwako tundu la hewa la chini ndilo linalookoa watu.

Hapa tuna EPRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nishati na petroli, na kanuni za gesi ya mitungi za 2019. Dai leseni ya kampuni kabla ya kusaini, na mchoro unaoonyesha mahali pa kila mita uwe sehemu ya mkataba. Iandikwe pia mita ni ya nani, nani analipia kuihamisha, na kwamba mtunzaji wa jengo ana ruhusa ya kufunga koki kuu saa yoyote. Kisichoandikwa, kampuni itakuamulia.

Landilodi_Kasarani
Asanteni sana. Baraza iko wazi kwa wapita njia, nahofia wizi. Naweza kufunika kila mita kwa sanduku la mabati lenye kufuli?

Presha_Ndogo
Sanduku la mabati lililozibwa linafungia gesi na pia linaua mawimbi ya simu, kwa hiyo mita ya kulipia kwanza haitapokea malipo. Tumia fremu ya chuma na wavu, chini pawe wazi kabisa, na kipaa kidogo cha kuzuia mvua na jua. Koki ibaki nje ya kufuli.

Mambo mawili ambayo watu wengi Nairobi huyasahau. La kwanza ni baridi. Bomba la kupanda likiendeshwa kwa presha ya bar 1.5, asubuhi za Julai butani inaweza kurudi kuwa kimiminika na kuingia kwenye regyuleta na mita. Shusha hadi bar 0.7, na uweke mguu wa kukusanyia kimiminika hicho, wenye kizibo, chini ya bomba. La pili ni mwinuko. Mita hupima ujazo, ila wewe unauza kilo. Mita moja ya ujazo (m³) ya butani Mombasa ina kilo 2.4 hivi; Nairobi, ambako presha ya hewa ni ndogo kwa sababu ya mwinuko, takriban 2. Kampuni ikitumia hesabu ya pwani, mpangaji analipia kilo 12 alipochoma 10. Kampuni ikuonyeshe hesabu yake kwa maandishi.

Mita ya saizi ya G1.6, iliyo ndogo, inatosha jiko la vichomeo vinne na oveni.

Koki_na_Nati
Niongeze la kupima. Presha kubwa ya majaribio ipigwe kabla mita hazijafungwa. Soma Pmax (presha ya juu kabisa inayoruhusiwa) kwenye kibao cha mita, nyingi ni bar 0.5, na zaidi ya hapo diaframu, yaani utando wa ndani, inaweza kupasuka. Mita zikishafungwa, pima kwa presha ya kazi, milibari 30, kwa mrija wa U wenye maji: tofauti ya sentimita 30 na nusu hivi. Funga koki, subiri dakika tano halijoto itulie, weka alama kwa kalamu, kisha ngoja dakika kumi. Maji yakishuka hata kidogo, paka povu la sabuni kwenye kila nati, ukianzia shingo za mita.